Cape Point kwa mtu wa Nairobi: kigari kisubiri, panda kwa miguu

Kwenye maegesho ya Cape Point, ncha ya rasi iliyo kusini mwa jiji la Cape Town, Afrika Kusini, foleni ndefu kuliko zote ni ya kigari cha reli kiitwacho Flying Dutchman. Njia yake ni mita 585, safari ni ya dakika chache, na tiketi yake hulipwa kando na ile ya geti la hifadhi. Asiye na magoti mabovu wala mtoto wa kubeba hakihitaji. Njia ya miguu iliyo jirani nayo imesakafiwa na inamalizikia kwa ngazi. Kwa mtu anayeishi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, pumzi haitakuwa shida. Kitakacholalamika ni misuli ya mapaja, na hata hiyo ni wakati wa kushuka. Usiporukwa na kofia, utafika juu kwa dakika 15 hadi 20.

Mnara wa taa wa juu ndio unaopigwa picha, na ndio uliokosewa. Uliwashwa mwaka 1860, mita 238 juu ya bahari, kwa imani kwamba taa ikikaa juu zaidi itaonekana mbali zaidi. Ilionekana mbali kweli, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Usiku usio na mawingu, meli zinazotoka magharibi ziliiona mapema mno, manahodha wakadhani wana nafasi ya kutosha, wakaizunguka rasi kwa karibu kupita kiasi. Usiku wa ukungu, wingu lilitua kileleni na kuifunika taa, ilhali chini majini kulikuwa kweupe. Tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Ureno, Lusitania, iligonga mwamba wa Bellows nje kidogo ya ncha. (Si ile ya Uingereza iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915, majina yalifanana tu.) Ndipo ukajengwa mnara mwingine, mita 87 tu juu ya maji, ukaanza kazi mwaka 1919. Huo ndio unaoongoza meli hadi leo: mimweko 3 kila sekunde 30, na mwanga wake unafika kilomita 63.

Wageni wengi hugusa ukuta wa mnara wa juu, wakageuka. Wanakosa nusu ya mahali. Chini ya kilele kuna kijia kinachofuata ubavu wa rasi hadi mahali pa kutazamia, ambapo mnara mpya unauona chini yako umeng'ang'ania jabali. Kuingia ndani hairuhusiwi. Tenga saa nzima kwenda na kurudi. Kijia ni chembamba, kina mawe, na sehemu nyingine bahari iko wima kando ya mguu wako, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno. Kandambili ziache garini. Siku ya upepo mkali usiende kabisa.

Upepo ndio unaoharibu safari nyingi hapa, kuliko mvua. Kuanzia Oktoba hadi Machi huvuma upepo wa kusini-mashariki ambao wenyeji wanauita Cape Doctor. Mpwani angesema ni kusi lililokosa adabu. Aliyepigwa na upepo wa Ngong Hills akadhani ameona kila kitu atajifunza upya. Beba koti jepesi la kuzuia upepo, si sweta, maana sweta hupitisha. Mvua ni ya Juni hadi Agosti, na miezi hiyo ya baridi ndiyo nyangumi wanapoingia False Bay, upande wa mashariki wa rasi. Ghuba hiyo ilipewa jina la udanganyifu kwa sababu mabaharia waliotoka mashariki waliiona rasi nyingine, Hangklip, wakadhani ndiyo hii, wakakata kona kabla ya wakati.

Kutoka maegesho hayohayo kuna njia nyingine, na kwangu ndiyo bora kuliko zote: ile ya kwenda Rasi ya Tumaini Jema. Haifiki kilomita 2 kwenda, na sehemu kubwa ni mbao zilizopangwa juu ya fynbos, vichaka vya asili vya huku, ili miguu isiviue. Njiani, ngazi ndefu za mbao zinashuka hadi ufuo wa Dias, uliopewa jina la Bartolomeu Dias, Mreno aliyeizunguka rasi mwaka 1488. Shuka ukitaka, lakini kumbuka kila ngazi utailipia kwa kupanda. Usiogelee: mikondo ya pale ina nguvu, nayo maji ni baridi ya kuuma mifupa. Mkiwa wawili na gari moja, mmoja azungushe gari hadi bango la Rasi, mwenzake aje kwa miguu, kisha mbadilishane.

Kwenye bango hilo watu hupanga foleni ya picha. Lisome vizuri: linasema ni ncha ya kusini-magharibi kabisa ya bara la Afrika. Ncha ya kusini kabisa ni Cape Agulhas, kilomita 150 hivi kuelekea kusini-mashariki, na huko ndiko mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki ulipo. Kwa hiyo ukionyeshwa mstari wa povu pale chini ukaambiwa "bahari mbili zinakutana", tabasamu tu.

Nyani. Aliyezoea kuwalisha njugu tumbili wa City Park aache mazoea hayo nyumbani. Nyani wa huku wanajua kufungua mlango wa gari, kwa hiyo kitasa kifungwe kwa ufunguo hata ukiwa umekaa ndani. Usitembee na mfuko wa plastiki mkononi. Kwao mfuko ni chakula. Akikunyang'anya, mwachie. Mkahawa wa pale juu una mandhari nzuri, na mandhari hiyo imo kwenye bei. Ni nafuu kununua mkate na matunda Simon's Town, mji ulio njiani, ukala kabla ya geti.

Mafuta pia jaza Simon's Town. Hakuna usafiri wa umma unaofika kileleni mwa rasi. Ni gari la kukodi, teksi ya mtandaoni (ya kurudi inaweza kukosekana), au basi la watalii, ambalo kwa kawaida halikupi muda wa kutembea. Wanaendesha kushoto kama sisi, na leseni ya Kenya inakubalika kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Viza Mkenya hahitaji tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka. Cheti cha homa ya manjano ni lazima, na chanjo iwe imefikisha siku 10.

Kiingilio ndicho kinachouma. Kuna viwango vitatu: raia wa Afrika Kusini, raia wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Kenya haimo SADC, kwa hiyo tunalipa cha juu, zaidi ya randi 400 kwa mtu mzima, huku rafiki yako wa Arusha akipita kwa bei nafuu zaidi. Bei hupanda karibu kila mwaka, hivyo iangalie upya wiki ya safari. Kwa pesa hiyo, kukaa saa mbili ni hasara.

Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi Oktoba hadi Machi, saa 1 miezi mingine. Ingia mapema, panda mnarani kabla mabasi hayajafika saa 4, kisha ufanye njia ya Rasi. Mchana nenda Olifantsbos, upande wa magharibi, ambako matembezi ya saa mbili hivi yanapita mabaki ya Thomas T. Tucker, meli ya mizigo ya Marekani iliyokwama mwaka 1942, na ya Nolloth, ya Uholanzi, ya mwaka 1965. Kuna vyuma vyenye kutu mchangani, mbuni, bontebok (aina ya swala) ukibahatika, na watu wachache sana. Hakuna duka wala kivuli, kwa hiyo beba lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu.