Tahadhari: Chaja "mahiri" zinazoua betri za gari-nyumba huku taa ya kijani inawaka

Wenzangu wenye magari-nyumba, hasa mnaoegesha kwa wiki nyingi na kuliacha gari limechomekwa kwenye umeme wa kambi, someni hili kabla hamjatoa pesa. Kuna chaja zinauzwa mtandaoni, na nyingine zinapitishwa kambini na watu wenye buti lililojaa maboksi, kwa jina la "chaja mahiri ya hatua tatu". Zina kioo kinachoonyesha namba, zina taa nyekundu, ya njano na ya kijani, zina maneno matamu kwenye boksi. Ndani hakuna hatua tatu. Hakuna hata mbili. Na muuzaji yuleyule aliyekuuzia chaja ndiye atakayekuja kukuuzia dawa ya kufufua betri iliyokufa, na dawa ikishindwa atakuuzia betri mpya ambayo nayo si ya kweli. Wapo wenzetu waliolizwa na mtu huyohuyo kwa njia zote hizo.

Nimezifungua chaja za aina hii, za watu waliokuja kuniuliza kwa nini betri zao zimekufa ilhali gari halikuchomolewa. Nilichokikuta ni saketi inayotoa volti moja isiyobadilika, na pembeni yake kisaa kidogo cha kuwasha taa. Nyekundu kwa saa kadhaa, kisha njano, kisha kijani. Niliiwasha bila kuunga betri yoyote upande wa pili: taa zikapita vilevile, kwa muda uleule, na mwishowe kioo kikaandika kwamba betri imejaa. Betri gani? Tundu la waya wa kupimia joto lipo, lakini kwa nyuma halijaungwa popote. Chaja nyingine ilikuwa na boksi la chuma, na waya wake wa erthi umekatwa ndani. Hiyo ndiyo iliyonikasirisha kuliko zote. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Hitilafu ikipeleka umeme kwenye bodi, mtu anayeshuka na miguu yenye maji huku ameshika mlango ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Chaja ya namna hiyo haifai kurudishwa dukani ikauzwe tena kwa mwingine.

Ili uone ubaya wa volti moja isiyobadilika, angalia betri ya risasi (ile ya kawaida, yenye bamba za madini ya risasi ndani ya asidi) inavyotakiwa kuchajiwa. Betri ya volti 12 ina seli sita. Ikiwa imejaa na imetulia saa kadhaa bila mzigo (kifaa kinachokula umeme wake) wala chaja, inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 iko karibu nusu. Chaja ya kweli huisukumia ampea nyingi kwanza hadi volti zifike 14.4 au zaidi kidogo kutegemea aina ya betri, huishikilia hapo mpaka ampea zinazoingia zipungue sana, halafu hushuka hadi kama 13.5 au 13.8 na kukaa hapo. Gari lililoegeshwa kwa miezi likiwa kwenye umeme wa kambi linaishi kwenye hatua hiyo ya mwisho. Betri yako inanusurika au inakufa hapo, na ndiyo hatua ambayo matapeli hawa hawakuiweka.

Kwenye baadhi ya chaja hizi nilipima 14.6 jioni, na asubuhi bado 14.6. Ukiiacha hivyo wiki baada ya wiki, maji ndani ya betri yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni na kutoka kama gesi. Bamba zinabaki wazi, zinaliwa, mwishowe zinapinda. Betri za kufungwa, za AGM (asidi yake imefyonzwa na nyuzi za kioo) na za jeli, huumia zaidi kwa sababu huwezi kuziongezea maji. Kwenye joto kali mambo huharakishwa: chaja ya kweli yenye kipima joto hupunguza volti kwa karibu 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, hii haipunguzi chochote. Na kumbukeni betri ya sebuleni, ile inayolisha taa na vifaa vya ndani, mara nyingi iko chini ya kitanda au chini ya kiti. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza ndani ya gari, usianze kuchomoa waya kwenye vichwa vya betri, maana cheche inatokea hapohapo. Toa watu nje, zima umeme kule kwenye nguzo ya kambi, acha milango na madirisha wazi, ndipo baadaye ushughulikie betri.

Zipo nyingine, boksi lilelile na picha ileile, zinazotoa 13.1 tu. Hizi haziunguzi betri, zinainyima. Betri haijai kamwe, salfeti inaganda kwenye bamba na kuwa ngumu, na kila wiki ujazo unapungua bila wewe kuona kitu maana taa ni ya kijani.

Halafu kuna uongo wa ampea. "Lakini ilikuwa imechomekwa!" ndiyo kauli ninayoisikia kila mara, na mwenye kuisema hana kosa. Umeme wa kambi haugusi betri moja kwa moja. Unaingia kwenye chaja, na chaja ndiyo inayolisha kila kitu cha volti 12: kengele ya gesi, ubao unaoendesha friji, pampu ya maji, taa, feni ya hita. Chaja iliyoandikwa ampea 30 huku inatoa tano ikizidiwa na mzigo huo, kinachopungua kinachotwa kwenye betri, mchana na usiku, na waya wa kambi umechomekwa barabara. Kuigundua si kazi ngumu. Ampea 30 kwa volti 14.4 ni zaidi ya wati 430; kifaa cha nguvu hiyo kinatoa joto, kinahitaji feni au mapezi makubwa ya alumini, na waya zake za kwenda kwenye betri lazima ziwe nene. Ukiona waya mwembamba kama wa chaja ya simu, ampea 30 hazipo humo. Zingekuwepo, waya ungeungua.

Muulize pia muuzaji swali hili: je, inachaji na betri ya kuwashia injini? Atakujibu ndiyo bila kufikiri. Kwenye magari-nyumba mengi chaja ya umeme wa kambi huhudumia betri ya sebuleni peke yake, na ile ya injini inaachwa inyonywe taratibu na saa, kengele ya wizi na kompyuta ya gari. Vipo vifaa halali vya kuipitishia ampea kidogo kutoka upande wa betri ya sebuleni. Hivyo usiamini jibu la mtu: weka mita kwenye betri ya injini umeme wa kambi ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa. Namba isipopanda, haichajiwi.

Sasa dawa. Chupa au pakiti ya unga wa "kufufua" betri haina jipya lolote. Huko Marekani, miaka ya 1950, kulikuwa na unga ulioitwa AD-X2, ambao kiini chake kilikuwa salfeti za sodiamu na magnesiamu, chumvi za kawaida kabisa. Taasisi ya taifa ya vipimo na viwango, wakati huo ikiongozwa na Allen Astin, iliupima ikasema hausaidii kitu. Mwaka 1953 waziri wa biashara Sinclair Weeks akamtaka Astin aachie ngazi kwa sababu ya jambo hilo. Wanasayansi wakaja juu, Astin akabaki kazini, na kamati ya chuo cha taifa cha sayansi ikathibitisha kwamba vipimo vyake vilikuwa sahihi. Zaidi ya miaka 70 imepita na watu bado wanauziwa chumvi. Salfeti ambayo haijakomaa inaweza kupungua kwa kuchaji polepole na kwa muda mrefu kwa chaja nzuri. Bamba iliyoliwa hairudi kwa dawa yoyote. Betri yenye vifuniko vya kufungua inaongezewa maji ya betri peke yake, yale yaliyotoneshwa, wala si asidi.

Wizi mkubwa zaidi uko kwenye betri za lithiamu, kwa sababu huwezi kuona ndani. Hapa mizani ndiyo rafiki yako. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti yenye Ah 100 (Ah ni ampea mara saa) kwa volti 12.8 inabeba Wh 1280 (wati mara saa), na nyingi zina uzito wa kilo 10 hadi 13. Mtu akikuletea ya "Ah 200" yenye kilo 9, huhitaji fundi wala mabishano: uzito huo hauwezi kubeba ujazo huo. Wengine wanajua ujanja huu na wanaongeza uzito kwa vitu visivyohusika, kwa hiyo pima na ujazo pia. Ijaze kabisa, unga balbu ya volti 12 ya wati 60, ambayo inakula kama ampea 5. Lithiamu ya Ah 100 inapaswa kuiwasha kama saa 20; ikijizima saa ya saba, umenunua Ah 35. Kwa betri ya risasi ya Ah 100 usiimalize namna hiyo: zima baada ya saa 10, iache itulie saa kadhaa, pima. Ikiwa chini sana ya 12.2, ujazo ulioandikwa ni wa karatasini.

Wakikwambia lithiamu "inawekwa tu, chaja yoyote inafaa", kataa. Haitakiwi kuchajiwa seli zake zikiwa chini ya nyuzi 0, maana lithiamu hujipaka kama metali ndani ya seli na uharibifu huo haufutiki. Ubao wa kinga ulio ndani lazima uwe na uwezo wa kukata chaji kwenye baridi, na hilo liandikwe kwenye karatasi ya vipimo, lisiwe la kuambiwa mdomoni. Haitakiwi pia kushikiliwa kwenye 14.6 kwa wiki kadhaa. Gari likiegeshwa muda mrefu, lithiamu hupenda kuachwa karibu na nusu, mizigo yote ikiwa imezimwa.

Muuzaji wa aina hii utamjua mapema. Anataka pesa ziende kwenye akaunti yake binafsi. Anatoa "dhamana ya maisha" lakini hana anwani. Hataki ufungue boksi, hataki uje na mita. Stika ya CE, alama ya viwango vya Ulaya, isikutulize. Kuichapisha hakuhitaji kibali cha mtu.

Kama chaja tayari iko ndani ya gari, ipime leo. Mita ya kawaida yatosha. Zima umeme wa kambi, washa taa kadhaa kwa saa moja au mbili ili betri ishuke kidogo, kisha zima taa, washa umeme, na usome volti kwenye vichwa vya betri yenyewe. Usisome kwenye kioo cha chaja. Zinapaswa kupanda kuelekea 14 na kitu. Rudi kesho yake: kwa betri ya risasi zinapaswa kuwa zimeshuka hadi kwenye 13 na nusu au zaidi kidogo. Zikibaki palepale juu, au hazikupanda kabisa kutoka 12 na kitu, chomoa. Kabla ya kulaumu chaja hakikisha fyuzi iliyo karibu na betri ni nzima na swichi kuu ya betri haijazimwa, maana baadhi ya magari swichi hiyo hukata hata njia ya chaji. Piga picha za mita ikiwa na tarehe, hifadhi tangazo na mazungumzo yako na muuzaji kabla hajayafuta, na udai pesa kupitia kampuni uliyolipia badala ya kubembelezana naye. Betri iliyovimba usiichaji tena hata kwa chaja nzuri: itoe kwenye gari ikiwa imepoa, uipeleke wanakopokea betri chakavu.