Seti ya kukarabati kabureta ya pikipiki ya zamani: chukua mipira, acha jeti

Karibuni watazamaji. Leo mezani kuna seti ya kukarabati kabureta, zile zinazouzwa kwenye kipakti bila jina la mtengenezaji, na pembeni yake ni kabureta ya pikipiki ya silinda moja ya miaka ya 1980. Tatizo lake wengi wenu mnalijua. Asubuhi injini ikiwa baridi unapiga kiki mpaka jasho linakutoka. Ikiwaka, ukirudisha choki tu inazima. Ila ikishapata moto inakwenda vizuri kabisa. Uamuzi wangu nautoa mapema kwa mwenye haraka: seti hii inafaa kwa gasketi na mipira yake. Jeti zake, yaani vile vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupimia petroli, usizifunge.

Lakini kabla hujanunua chochote, hakikisha kwanza kwamba ugonjwa uko kwenye kabureta. Tuanze na choki, maana hapa ndipo watu wanapotea.

Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke kwa urahisi. Mchanganyiko unaoungua sawasawa ni takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Injini baridi inadai petroli zaidi ya hapo, kwa sababu nyingi inabaki matone na kulowanisha kuta za njia ya kuingilia. Choki ndiyo inaleta hiyo nyongeza. Kuna choki za kibati, kinachoziba mdomo wa hewa, na kuna choki za kipini, zinazofungua njia ya pembeni yenye jeti yake. Hii ya kipini ina masharti: inategemea mvuto wa injini. Ukizungusha mkono wa mafuta huku unapiga kiki, mvuto unapungua na petroli ya ziada haiji. Kabureta nyingi nzima zimefunguliwa bure, wakati dawa ilikuwa kuuacha mkono wa mafuta ulivyo.

Basi vuta choki, piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki: angalia koki, chujio lake, na tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa imelowa, petroli inafika, kwa hiyo ama moto ni dhaifu ama mafuta yanazidi. Halafu legeza skrubu ya chini ya bakuli, yaani sehemu ya chini ya kabureta inapokaa petroli, mwaga kilichomo kwenye chombo cha kioo. Maji yakiwepo utayaona yamekaa chini ya petroli. Na kama imelala miezi mingi, utasikia harufu kama ya vanishi. Petroli inapozeeka, zinazotangulia kuruka ni zile sehemu nyepesi, na ndizo injini baridi inazihitaji ili iwake. Weka petroli mpya ujaribu tena kabla ya kushika bisibisi.

Kuhusu bisibisi, neno moja: skrubu nyingi za pikipiki za Kijapani zina kichwa cha JIS, yaani cha kiwango cha viwanda cha Kijapani. Kinafanana na Phillips, ile ya msalaba ya kawaida, lakini bisibisi ya Phillips inateleza na kukila. Tafuta ya JIS, utanishukuru.

Haya, tufungue kipakti. Tuna gasketi ya bakuli, oringi (mipira ya duara ya kuzuia uvujaji), sindano yenye ncha ya mpira ya floti, yaani kielea kilichomo kwenye bakuli, skrubu ya mchanganyiko na springi yake, jeti kubwa na jeti ndogo. Gasketi imekaa kwenye mfereji wake bila kuivuta, na oringi ni laini. Linganisha na hizi za zamani: zimekauka, zimelala bapa. Petroli yenye ethanoli inaila mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo kazi hii seti inaifanya vizuri na ninaipongeza.

Sasa jeti ndogo. Nasogeza karibu na kamera, taa iko nyuma yake. Hii ya zamani, baada ya kusafishwa, tundu ni duara safi. Hii mpya ina vinyuzi vya chuma kwenye ukingo, na tundu halikukaa katikati. Namba iliyochapwa ni ileile, lakini namba pekee haitoshi, kwa sababu watengenezaji wengine wanahesabu upana wa tundu na wengine wanahesabu kiasi kinachopita. Jeti ndogo ya Keihin, chapa ya kabureta ya Kijapani, iliyoandikwa 38 ina tundu la karibu milimita 0.38. Hapo kasoro ya unywele inabadilisha kila kitu. Na jeti hii ndiyo inayolisha injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma yenyewe bila kuzungusha mkono wa mafuta, ndiyo maana ikiziba nusu pikipiki inaishi kwa choki tu.

Kwa hiyo nimerudisha jeti za zamani. Namna ya kuzisafisha: toa kwanza mipira yote, na diaframu (utando mwembamba wa mpira) kama ipo, maana dawa ya kupuliza ya kabureta inaiharibu. Vaa miwani. Puliza dawa, subiri, puliza hewa ya kompresa. Waya wa chuma usiingize, shaba ni laini na tundu litapanuka. Usisahau njia za ndani ya kabureta yenyewe: puliza kwenye kikao cha jeti ndogo, dawa itokee kwenye vitundu vilivyo upande wa injini. Isipotokea hapo, hata jeti iwe safi namna gani hujamaliza.

Skrubu ya mchanganyiko, kabla hujaitoa, ikaze taratibu mpaka iguse, huku unahesabu mizunguko, uandike. Ikiwa iko upande wa injini, inapima petroli, na kuilegeza kunaongeza utajiri wa mchanganyiko, yaani wingi wa petroli ndani yake. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na kuilegeza kunaupunguza. Wengi wanazichanganya hizi mbili, kisha wanaizungusha siku nzima kuelekea kusiko.

Sindano ya floti ya kwenye seti nimeifunga, lakini pima urefu wa floti upya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Inamisha kabureta mpaka ulimi wa floti uguse sindano bila kuibana springi yake. Urefu ukikosewa, petroli itamwagika kupitia paipu ya ziada au injini itakosa mafuta.

Matokeo: kwa choki inawaka, na baada ya kupata moto kidogo inashika silensa bila choki. Kilichobaki seti haikigusi. Vali zikibana sana, mgandamizo unapungua na kuwaka baridi kunakuwa taabu, kwa hiyo pima nafasi zake injini ikiwa baridi. Kagua pia ule mpira unaounganisha kabureta na injini, uupinde utazame upande wa chini. Ukiwa na ufa unaingiza hewa isiyopimwa.

Kama mtengenezaji wa pikipiki yako bado anauza gasketi na oringi halisi, nunua hizo, na seti hii iache dukani.