Mazoezi ya SAT ndani ya Bluebook: Je, Yanafundisha Sarufi?

Nimeitumia Bluebook, programu ya bure ya College Board (shirika la Marekani linaloendesha SAT) yenye mitihani ya majaribio ya SAT, mtihani unaotumiwa kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, pamoja na wanafunzi ninaowasaidia kujiandaa, na tathmini hii inahusu maswali ya sarufi peke yake. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 ya kufanywa kwa dakika 64, na takriban robo ya maswali hayo hupima kanuni za Kiingereza sanifu. Mtahiniwa hupewa kifungu kifupi chenye pengo na majibu manne ambayo mara nyingi hutofautiana kwa alama moja ya uakifishaji tu.

Ubora mkubwa wa mazoezi haya umo katika maelezo yanayotolewa baada ya mtihani. Kila maelezo hutaja kwanza kanuni inayopimwa, kisha huonyesha kosa la kila jibu lililokataliwa, na kwa njia hiyo mwanafunzi huanza kuelewa kwamba swali halimuulizi ni sentensi ipi inayopendeza sikioni. Chukua upatanisho wa kiima na kitenzi. Mtungaji huanza na nomino ya umoja, akaifuatisha na maneno mengi yanayoishia kwa nomino ya wingi, kisha akaweka pengo mahali pa kitenzi. Hapa huwakumbusha wanafunzi wangu sentensi kama "Orodha ya majina ya wajumbe imepotea", ambamo kiambishi "i" hurudi kwenye orodha, wala hakuna anayefikiria kusema "wamepotea" kwa sababu wajumbe wako karibu na kitenzi. Wakishaliona hilo katika Kiswahili, mtego wa "was" na "were" hupoteza nguvu.

Vivyo hivyo, sentensi ikianza na kirai kinachoeleza kitendo, kwa mfano cha kuchunguza nyota kwa miaka mingi, nomino inayofuata mara baada ya mkato lazima iwe ya mtendaji. Ikiwa ni darubini, jibu hilo limeanguka hata likiwa limeandikwa kwa ufasaha kiasi gani. Na pale majibu mawili yanapotofautiana kwa nukta na nukta mkato pekee, yote mawili huweza kuondolewa, kwa kuwa alama hizo hufanya kazi ileile ya kutenganisha vishazi huru, yaani vile vinavyoweza kusimama vyenyewe kama sentensi kamili, na jibu sahihi ni moja tu.

Kutaja kanuni waziwazi kuna thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2003 College Board ililazimika kulifuta swali moja la mtihani wa PSAT, yaani mtihani wa matayarisho ya SAT, wa Oktoba 2002, baada ya mwalimu mmoja kudai kwamba kiwakilishi "her" hakiwezi kurejelea jina la mwandishi wa riwaya Toni Morrison lililo katika umbo la umiliki, ilhali jibu rasmi lilisema sentensi haikuwa na kosa. Hata wajuzi hutofautiana, na mwanafunzi anastahili kujua anapimwa kwa kanuni ipi.

Upungufu ni kwamba maelezo hayo hutaja istilahi bila kuifundisha. Asiyejua kishazi huru ni nini hatasaidika kwa kuambiwa kwamba mkato peke yake hauwezi kuunganisha vishazi viwili vya aina hiyo. Kwa sababu hiyo napendekeza masomo ya tovuti ya Khan Academy, ambayo nayo ni ya bure, yatangulie. Aidha, programu hii huhitaji kompyuta au tableti ya iPad, kwa hiyo mwenye simu pekee hataweza kuitumia.

Mitihani kamili iliyomo si mingi, hivyo ni hasara kuimaliza kwa haraka. Mimi humtaka mwanafunzi aandike kwenye karatasi jina la kanuni inayopimwa kabla ya kufungua maelezo, na jibu lililo sahihi lakini lenye kanuni isiyo yake tunalirudia kama lililokosewa.