Canon PowerShot A590 IS ya mtumba: kamera ya bei nafuu inayostahili kununuliwa

Kwa kuwa bajeti yangu haikuruhusu kamera mpya, nilinunua huko Mwanjelwa, jijini Mbeya, kamera ya Canon PowerShot A590 IS ya mtumba, toleo la mwaka 2008, yenye megapikseli 8 na lenzi inayovuta (zoom) mara 4. Kilichonishawishi zaidi ni kwamba inatumia betri 2 za AA, zile za saa ya ukutani, ambazo hata kibanda cha Uyole hakizikosi, ilhali betri maalumu za kamera kuukuu ni shida kuzipata. Asubuhi nilipopiga picha majani ya viazi kwa karibu, matone ya umande yalionekana moja moja. Penye mwanga hafifu, picha huwa na chengachenga. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha betri ukague kutu, kisha iwashe na ujaribu zoom ya lenzi hadi mwisho.