API ya kusimamia profaili za kivinjari: ipi uanze nayo?

Ukiendesha kurasa za maduka sita ya Kariakoo kwa kompyuta moja, siku moja utamjibu mteja wa vitenge ukiwa ndani ya akaunti ya muuza vipuri. Ndiyo maana watu wanatafuta profaili: kila duka na kuki zake (kumbukumbu za kivinjari zinazokuweka ndani ya akaunti), na API, yaani njia ya programu yako kuiamuru programu nyingine, ya kuzifungua kwa amri. Nimezipanga zana nne kwa ajili ya anayeanza, na namba moja haiuzwi.

1. Playwright. Ni zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, ya Microsoft, ya bure, ipo tangu 2020. Amri ya launchPersistentContext unaipa njia ya folda, na folda hiyo ndiyo profaili. Duka la vitenge folda yake, la vipuri yake. Ukiingia mara moja, kuki zinabaki humo. Usifungue folda moja mara mbili kwa wakati mmoja, itagoma. Ukitaka kuunganisha Chrome yenyewe kwa remote-debugging-port (mlango, au porti, ambao msimbo wako unapitia kuiendesha Chrome), jihadhari na mafunzo ya zamani ya YouTube: kuanzia Chrome 136, ya 2025, porti hiyo haifunguki kwenye folda ya kawaida ya Chrome. Google waliifunga kwa sababu ya wezi wa kuki. Tengeneza folda mpya, uitaje kwa user-data-dir, kazi inaendelea.

Kwa maduka sita, mimi ningeishia hapa.

2. AdsPower. Hii ni programu ya kulipia ya profaili, inafaa mkiwa timu. API yake inaishi kwenye kompyuta yako, porti 50325: unaita /api/v1/browser/start na namba ya profaili, inakurudishia anwani ya kuunganisha Puppeteer au Selenium, zana nyingine za kuendesha kivinjari kwa msimbo. Mchana mmoja unatosha kuielewa. Ila Januari 2025 wadukuzi walipenyeza msimbo mbaya kwenye viongezi vya pochi za sarafu za kidijitali ndani yake, watu wakaibiwa. Kurasa za duka sawa. Pochi yako iweke kwingine kabisa.

3. GoLogin. Hapa profaili unaziunda kupitia seva yao, kwa tokeni (ufunguo wa siri wa akaunti yako), hata ukiwa Mbagala na kompyuta ya kazi iko Posta. Tatizo ni hilohilo: kuki za mteja zinalala nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje. Pata ridhaa ya mteja kwa maandishi kwanza.

4. Multilogin. Ina vivinjari viwili, Mimic wa Chromium na Stealthfox wa Firefox. Tokeni yake ya kawaida inaisha baada ya dakika 30, kwa hiyo msimbo wako lazima ujue kuifufua. Si ya kujifunzia.

Hizi tatu za kulipia bei zake ni za dola, kwa kadi. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inaweza kufaa, lakini lipa mwezi mmoja tu, hata wakikupigia debe punguzo la mwaka. Proksi, seva ya kati inayoipa profaili anwani yake ya mtandao, huwa na bili yake kando. (Na kama unachotaka ni akaunti hamsini feki za kusifia bidhaa, hakuna API hapa itakayokuokoa na kufungiwa.)

Kabla ya kulipa, waulize huduma kwa wateja mambo mawili: API iko kwenye kifurushi kipi, na inaruhusu maombi mangapi kwa dakika. Jibu lichukue kwa maandishi.