Hema la mtumba la Mwanjelwa kwa safari ya Ziwa Ngozi

Mvua zikikata, Mei kuingia Juni, utelezi wa njia ya Ngozi hupungua na watu wa Mbeya huanza kuulizia mahema. Madukani yamejaa mapya ya rangi kali, yenye kifuniko cha nje kinachositiri paa tu. Mwanjelwa, kwenye mitumba, unaweza kupata la watu wawili ambalo kifuniko chake kinashuka mpaka karibu na ardhi. Chukua hilo la mtumba. Milima ya Uporoto, lilipo ziwa hilo, ina ukungu hata kiangazi, na hema lililositiriwa paa peke yake hulowa ubavuni, maji yakapenya kwenye mishono usiku huohuo.

Ila usitoe hela kabla hujalikunjua lote. Anzia upande wa ndani wa kile kifuniko cha nje. Kimepakwa utando mwembamba wa kuzuia maji, na hema likikaa miaka limekunjwa na unyevu, utando huo huoza. Uguse: ukinata vidoleni, au ukibanduka magamba meupe, na harufu yake ikawa ya soksi zilizovunda, liache hata kama bei ni ya kutupa. Hakuna gundi ya kulirudisha. Likipita hapo, mwagia kikombe cha maji, subiri dakika 10, kisha papasa chini yake. Kama lebo bado ipo, tafuta kipimo cha kuzuia maji: angalau milimita 1500 kwa kifuniko na 3000 kwa sakafu, maana ukilala, uzito wa mwili hukandamiza maji yapande juu.

Fito ndizo za kukagua pili. Za alumini ni nyepesi na zikipinda hunyooshwa kwa uangalifu. Za faiba hupasuka kwa urefu, na ufa hauonekani kirahisi. Pitisha kitambaa laini kwenye kila kipande, kikinasa pana ufa. Lastiki ya ndani iliyolegea isikutishe, fundi ataibadilisha. Beba kipande cha bomba la chuma cha sentimita 12, kipana kidogo kuliko fito, uvishe palipovunjika na kufunga kwa selotepu ya umeme.

Zipu isiyoshika mara nyingi kichwa chake kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, pande zote mbili sawasawa. Ukizidisha kinavunjika.

Vigingi huwa vimepotea. Fundi wa kuchomelea atakukatia nondo ya milimita 6 kwa sentimita 20. Vinane vina takriban gramu 350, ni vizito, lakini udongo wa msituni ni laini na vifupi hung'oka.

Uzito uuangalie sana: hema lisizidi kilo 2.5. Maji ya Ngozi yana chumvi, hayanyweki, kwa hiyo kila mtu anabeba yake. Lita 4 ni kilo 4 tayari, na njia inapanda mpaka ukingo wa kreta, shimo la volkano lenye ziwa hilo. Kushuka ziwani ni mteremko mkali, si wa kwenda na begi zito. Tena huo ni msitu wa hifadhi. Ruhusa ya kulala ulizia TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kabla ya kuondoka mjini.

Usiku acha matundu ya hewa wazi hata baridi ikiuma, na kaza kamba ili kifuniko kisiguse kitambaa cha ndani. Pumzi za watu wawili hugeuka maji kwenye paa, na vitambaa vikigusana, maji hayo huishia kwenye mablanketi.