Kamera ya kuzumu kwa mkono: picha safi, kiskrubu cha hovyo, muuzaji hana adabu

Naanza na kiskrubu, maana ndicho kilichonipandisha presha. Lenzi ya kamera hii ya kuunganisha na kompyuta ina pete tatu za kuzungusha. Moja ya zumu, yaani kuvuta picha karibu au kuirudisha mbali, moja ya fokasi, yaani kuifanya picha ionekane wazi isiwe ukungu, moja ya kuachia au kubana mwanga. Kila pete ina kiskrubu chake kidogo chenye kichwa cha kushika kwa vidole, ukishapata picha unayoitaka unakikaza ili pete isihame. Cha fokasi kinakaza. Cha mwanga kinakaza. Cha zumu kinazunguka tu, unazungusha mpaka kidole kinauma, hakikamati.

Kuna mtu ataniambia, dada, kiskrubu tu? Ngoja kwanza.

Mimi nauza vinyago. Mjomba wangu ni mchongaji, yuko Mikindani, mimi nakaa Mtwara mjini, na siku hizi mteja wa maana hapandi ndege kuja kukaa barazani kwa mjomba. Anapiga video. Anataka kukiona kinyago kabla hajatuma hela, na simlaumu, kwa sababu mjini kuna watu wanachukua mti wowote mweupe, wanaupaka dawa ya viatu, wanakuuzia kwa jina la mpingo. Mteja anayejua mambo haangalii sura ya kinyago. Anakwambia kigeuze, nionyeshe chini. Anataka aone pale tabaka jeupe la chini ya gome linapokutana na kiini cheusi, aone kama kuna ufa uliozibwa kwa gundi na unga wa mbao, aone alama za patasi sehemu ambazo msasa haukufika. Wengine wanakuomba ukitumbukize kwenye ndoo ya maji, maana mpingo ni mzito, unazama. Hilo halina shida, ndoo ninayo. Shida ni kuonyesha hicho kimshipa cha mti kwa mtu aliyeko Ujerumani.

Kwa simu haiwezekani. Ukivuta kwa vidole simu inakuza vidoti tu, halafu mtandao nao unaibana picha tena, mpaka ifike kule imekuwa uji. Nikajaribu kamera ya kawaida ya kompyuta, zile zinazojitafutia fokasi zenyewe. Hizo zinahitaji zione tofauti ya kiza na mwanga ndipo zishike, sasa mbele ya mpingo uliosuguliwa ukang'aa hazina cha kushika. Inakuja, inarudi, inakuja, inarudi, mteja anaumwa kichwa. Na ikiona weusi umejaa inadhani chumba kina giza, inaongeza mwanga bila kuulizwa, mpingo unageuka kijivu. Mjomba alikiona kinyago chake mwenyewe kwenye skrini akaniuliza, "Hiki cha nani?"

Kwa hiyo nilijua ninachokitafuta. Sikununua kwa kushawishiwa na tangazo. Nilitaka kamera ambayo fokasi ni mkono wangu na mwanga ni mkono wangu, isiyojifanya ina akili. Nikaipata kwenye duka moja hapa mjini, silitaji. Kijana wa duka akaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, akaielekeza ukutani kwenye kalenda, akavuta, akanionyesha tarehe zinavyosomeka. Safi kabisa. Nikalipa. Bei pia siitaji, nikiitaja nitaanza upya kugombana na nafsi yangu.

Sasa sikilizeni. Pale dukani kamera ilikuwa inatazama mbele. Mimi kazi yangu ni kuiinamisha itazame chini, mezani, kwenye kinyago. Na ikiinama, uzito wa vioo vya mbele unavuta, na kama kiskrubu cha zumu hakikamati pete inateleza yenyewe. Polepole. Huioni inavyokwenda.

Ingekuwa picha inatanuka tu ningevumilia. Lakini lenzi za namna hii, mafundi wa CCTV, zile kamera za ulinzi, wanaziita varifokali, ukigusa zumu tu fokasi nayo inahama, lazima uitafute upya. Kwa hiyo picha haisogei tu, inafifia. Na kwa jinsi mtu unavyokuwa umekishika kinyago unaongea na mteja, macho yako hayako kwenye skrini.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya msimu wa korosho, watu wana hela zao mkononi, mimi nangoja yangu. Kinyago kilikuwa cha ujamaa, ule mti wa watu, babu chini amebeba ukoo mzima juu yake, wamepandana mpaka kileleni, gogo moja lisilo na kiungo. Mjomba alikifanyia kazi muda mrefu kuliko ninavyoweza kusema. Alikuja mwenyewe kutoka Mikindani, amevaa kofia yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akakaa pembeni yangu. Mteja mzee wa Kijerumani, mtu mpole, anaokoteza Kiswahili chake. Akaanza na babu wa chini. Akasifia. Akaomba tupande juu, uso mmoja mmoja. Nikapanda naye. Tukafika kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mahali penye mchongo mwembamba kuliko pote, ndipo mteja anapotaka kuona kama pameunganishwa. Na hapo hapo picha ikawa ukungu.

Nikarudisha. Ikashika. Nikaanza kuongea, ikafifia tena. Nikarudisha tena, nikaishikilia pete kwa kidole, sasa mkono wangu umeziba nusu ya taa. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa upole ule ule: "Mama, hapo kuna kitu hutaki nione?"

Jamani. Tangu nianze biashara hii sijawahi kumficha mtu ufa. Ningetamani anitukane kuliko alivyoniuliza vile kwa heshima. Mjomba hasikii vizuri, akaniinamia: "Huyo ntu anasema nini?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Ningemwambiaje? Mzee akashukuru, akasema atafikiri. Mnaofanya biashara mnajua "nitafikiri" maana yake nini.

Nikaibeba kamera kesho yake, imo kwenye boksi lake, na stendi yake, na kikaratasi cha risiti. Risiti ya kuandika kwa mkono, kwa taarifa yenu, ya mashine hawakunipa, walisema mashine mbovu. Namkuta kijana yule yule anakula chipsi mayai juu ya kioo cha kaunta. Namsalimia, anaitikia na mdomo umejaa. Namweleza: kiskrubu hiki thredi zake, zile njia za kuzungukia, zimeliwa, hakikamati, naomba unibadilishie au unipe kingine. Hakukigusa. Hakunawa hata mkono akakijaribu. Akaniuliza, "Kwani mama wewe ulikuwa unaifanyia nini?" Nikasema nauza vinyago. Akamgeukia mwenzake: "Bibi anavipigia vinyago video!" Wakacheka.

Bibi! Huyu kijana na mimi tumepishana miaka ya kuhesabu kwa vidole, nikijumlisha na vya miguu basi nimemwonea huruma.

Kisha akajifanya mtaalamu. Eti nimekaza sana ndiyo maana kimekufa. Eti kamera hii ni ya watu wa kiwandani, watu wa bandari, ina wenyewe. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani imetungwa tangu 2003 na inamzungumzia mnunuzi pia, lakini nenda kaisome mbele ya mtu anayekula chipsi. Mwisho wake, na hili ndilo siwezi kulisahau, akavuta droo, akachomoa rababendi kwenye bunda la noti, akanirushia juu ya kaunta. "Ifunge na hiyo, itakaa."

Sikuichukua. Niliiacha pale pale kwenye mafuta ya chipsi.

Nyumbani nikaifunga na selotepu. Kwa joto la Mtwara gundi ililainika kabla simu haijapigwa, pete ikaondoka na selotepu yake. Nikatamani nimpe mtoto achezee hiyo kamera. Hapo ndipo nilipokuwa nimeamua kuandika kwamba msinunue, ni takataka, ni wizi.

Ila naomba nirudi nyuma kidogo, haki ya mtu ni haki yake. Chikongola kuna fundi anafunga kamera za ulinzi madukani. Nilimpelekea nikiwa na sura ya msiba. Akaitazama mara moja akacheka, lakini kicheko cha heshima, akasema lenzi hii dada ni ndugu na hizi zangu. Akafungua kopo la vifaa vilivyokufa, akatoa lenzi iliyovunjika kioo, akachomoa kiskrubu chake, akakiweka kwenye yangu. Kikakamata. Akaiinamisha itazame sakafu, akaiacha hivyo, tukaongea habari za umeme na bei za korosho, pete haikusogea hata unywele. Akataka hela ya soda tu. Na akanifundisha ambayo duka zima halikuniambia: ile mistari iliyokuwa inapita kwenye picha nikiwasha taa ya tyubu haikuwa ubovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na kamera ilikuwa imewekwa 60. Tukaingia kwenye mipangilio ya programu, tukabadilisha, mistari ikaisha. Akazima na ule mwanga wa kujiongezea, akaniambia bana pete ya mwanga kidogo, ongeza taa ya pembeni, uone. Ukibana, fokasi inashika sehemu ndefu zaidi, pua na sikio la kinyago vinaonekana kwa pamoja.

Nikaona. Wallahi niliona mpingo wa mjomba ukiwa mweusi wa kweli, na ndani ya weusi ule kuna ukahawia unaopita kama hutazami vizuri huuoni. Niliona vumbi la msasa kwenye ukope wa mtoto. Hakuna simu ya kukupa hicho.

Sasa nilitakiwa nifurahi. Nilipofika nyumbani nikakasirika upya, zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo kamera nzuri kiasi hiki ilishindwa kwa kitu ambacho fundi anacho kopo zima! Na yule kijana hakuweza kunyanyua mkono wake wenye mafuta!

Niliweka nyota moja. Nikabadilisha nne. Naweka tatu, na hiyo ya tatu ni ya fundi wa Chikongola.

Mambo mengine kwa ufupi. Kwa mikutano ya kukaa na kuongea, achaneni nayo. Dada yangu anafundisha masomo ya jioni kwa video, aliazima, kila akiegemea kiti nyuma anapotea kwenye ukungu, kamera haimfuati. Pia ni nzito, juu ya skrini ya laptopu haikai, lazima stendi. Na tunaoishi karibu na bahari, unyevu wa huku unaotesha ukungu kwenye vioo vya lenzi, mimi naiweka kwenye kopo la kubana na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya. Ukinunua, dukani iinamishe itazame chini, kaza kila kiskrubu kwa mkono wako, halafu mpigishe soga muuzaji. Akikuharakisha, ondoka.

Mzee wa Ujerumani hajapiga tena. Kinyago kipo, gogo moja, hakina kiungo, na sasa naweza kumwonyesha yeyote kila uso mpaka chini kwenye unyayo wa babu. Anayekitaka apige mchana, usiku umeme wetu siuwekei dhamana.